Umbea Ulioanzia Chumba cha Uzazi

Neno "gossip" nililifundisha kidato cha pili kila mwaka mpaka nikastaafu. Kitabuni lilikuwa limekaa katikati ya maneno mengine yasiyo na madhara, lakini mimi nililipa kipindi kizima. Nililiandika ubaoni kwa herufi kubwa, nikalipigia mstari mara mbili, kisha nikageuka kuwatazama wasichana wa dawati la nyuma. Niliwaambia ni nomino na pia ni kitenzi, maana yake ni umbea, na atakayekamatwa nao darasani kwangu atanitambua mimi ni nani. Waliokamatwa waliandika mara hamsini kwamba hawatarudia. Nina hakika walirudia wakiwa wanaandika.

Kitu ambacho sikuwaambia ni asili ya neno lenyewe, na niliijua. Ofisini kwa walimu kulikuwa na kamusi kubwa isiyo na jalada, ambayo kurasa zake za mwanzo zilikwisha kutumiwa na wapishi wa shule kuwashia moto. Alasiri moja nikisubiri kwenda kusimamia mtihani, nikaifungua nitafute hilo neno langu, niliongezee ukali. Nikakuta mambo mengine kabisa. Zamani sana Waingereza walisema "godsibb", yaani mtu aliye ndugu yako mbele ya Mungu, yule anayemshika mtoto siku ya ubatizo. Baadaye likawa jina la rafiki wa karibu wa mwanamke. Kisha wakaitwa hivyo wale wanawake wanaokusanyika chumbani mwenzao anapojifungua, wamshike mkono, wamfute jasho, wamsemeshe mpaka mtoto atoke. Uchungu huchukua saa nyingi na huwezi kukaa saa zote hizo bila kuzungumza. Kwa nini wanaume walioachwa nje ndio waliokuja kulifanya neno liwe baya, kamusi haikusema, ila mimi nadhani walisikia minong'ono ukutani na hawakupenda kutojua wanasemwa nini.

Nikaifunga kamusi. Habari ile ingeniharibia kipindi.

Mimi ni mtu wa milimani, upande wa Berega, nimelelewa katika nyumba ya Kianglikana ambamo mtoto aliyesimulia ya jirani alinyimwa chai. Mama yangu alisoma misheni, akatoka na imani kwamba heshima ya mwanamke ni kufunga mdomo. Nikaolewa bondeni, Kilosa mjini, mtaa wa Magomeni, na mwalimu mwenzangu ambaye sasa ni marehemu. Tukajaliwa binti mmoja. Huyo binti alipovunja ungo, mama mkwe wangu akaja na mkeka wake na kutangaza kwamba mjukuu wake atachezwa ngoma ya mwali kama wasichana wote wa ukoo ule. Nilibisha wiki nzima. Nikashindwa.

Ndipo akapatikana somo. Huku bondeni mama mzazi hamsemeshi bintiye mambo ya mwili, na binti hamwambii mama. Ni aibu kwa wote wawili. Huchaguliwa mwanamke mwingine, rafiki au jirani, naye huitwa somo wa yule binti. Yeye ndiye humfunza, na yeye ndiye hubeba siri zake za mwili mpaka uzeeni. Binti akiolewa, mimba ikiingia, wa kwanza kujua ni somo, na somo ndiye anayekwenda kumnong'oneza mama mzazi. Mama hata akiona tumbo kwa macho yake, hujifanya haoni hadi aletewe habari rasmi.

Mama mkwe alimchagua jirani yetu wa nyumba ya pili, mzaliwa wa Kisanga, muuza vitumbua. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa mikono, na mbea, tusidanganyane. Kibarazani pake palikuwa na benchi la wateja, na hapo ungejua nani Kilosa nzima amegombana na nani kabla ya wenyewe kupatana. Nilimvumilia miaka kadhaa kwa sababu ya mwanangu.

Uvumilivu uliisha siku niliposikia kanisani, kutoka kwa mke wa mzee wa kanisa aliyeipata kwenye lile benchi, kwamba binti yangu ana mchumba, dereva wa malori. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Nilitoka ibadani hadi kibarazani kwa yule jirani bila kupita nyumbani. Nilimkuta amezungukwa na wateja. Nikamwita debe tupu mbele yao, nikamwambia asikanyage tena kwangu, jina la mwanangu lisitoke mdomoni mwake, na asiniletee habari yoyote ya mtu yeyote. Nikamalizia kwa Kiingereza, kwa kuwa hasira zangu zote huishia huko. Yeye akaangalia chuma chake, akageuza kitumbua kimoja, akasema, "Sawa, mwalimu. Nimesikia."

Akatii. Kwa miaka minne alinisalimia asubuhi, nikamwitikia, ikawa basi. Harusini kwa binti yangu alikuja, akapika pilau la watu mia, akafanya yote ya somo kwa mwali wake, na kwangu hakusema hata neno moja zaidi ya salamu. Nilijiona mshindi. Sikuwaza kwamba kwa kumfukuza yeye nilikuwa nimeziba njia pekee ambayo habari za mwili wa mwanangu zingenifikia. Mwanangu mwenyewe asingeniambia kitu. Nilimlea hivyo.

Baada ya harusi alihamia Mikumi, wakapanga nyumba nyuma ya barabara kuu, akaweka cherehani yake barazani. Mume wake anaendesha lori la Tunduma na kuvuka Zambia, akiondoka ni wiki tatu. Mimi na binti yangu tulipigiana simu kila Jumapili. Tulizungumza juu ya mvua, ya kuku, ya ibada. Katika msiba wa shangazi yake nilimwona amevaa gauni pana, akiinuka mkekani kwa kujishika kiuno. Nikahesabu kimoyomoyo, nikafurahi, na sikusema kitu. Naye hakusema. Tuliendelea kuchambua mchele bega kwa bega.

Basi asubuhi moja ya mwaka huu, siku ya soko, nikiwa nafagia sebule, nikasikia hodi. Alikuwa yule jirani, amesimama nje ya kizingiti, mikono imejaa unga wa mchele hadi kwenye viwiko.

"Karibu," nikasema, lakini sikusogea mlangoni.

"Sikai, mwalimu. Nina habari ya Mikumi, na ni chafu. Nakuomba uisikie yote kabla hujanifukuza."

Akaanza kunieleza. Kibarazani pake alikuwa ameketi mwanamke muuza mitumba, mkazi wa Mikumi, ambaye huja Kilosa siku za soko. Alikuwa akiwasimulia wateja kisa cha mtaani kwao, wakicheka. Kuna fundi cherehani, mke wa dereva, mume yuko Zambia, na huyo fundi amefuga mwanamume ndani. Mlangoni zimewekwa ndala kubwa za kiume. Mchana kutwa mapazia yameshushwa. Cherehani haisikiki. Wateja wakigonga anaitikia kwa ndani, wala hafungui.

Damu ilinipanda kichwani. "Yaani umeacha vitumbua vyako motoni," nikamwambia, "uje kuniambia mwanangu malaya?"

"Nimekuja kukuambia mwanao mgonjwa."

Niliuegemeza ufagio ukutani.

"Nimemuuliza yule muuza mitumba," akasema. "Nimemuuliza, huyo fundi akitoka kwenda dukani, zile ndala zinabaki mlangoni? Akafikiri, akasema hapana, akitoka hazipo. Basi anazivaa yeye, mwalimu. Viatu vyake havimwingii. Miguu imemvimba. Na mapazia kayashusha kwa sababu mwanga unamuumiza kichwa. Mimba yake ina miezi minane. Mimi nimeshaona wanawake wa namna hiyo, na mmoja nilimzika, dada yangu, kule Kisanga."

Nikamuuliza kwa nini hakumpigia simu mwenyewe, na akanijibu kwa aibu kwamba simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya unga wa vitumbua wiki tatu zilizopita na haijapona. Namba hakuijua kichwani. Nikachukua yangu, nikapiga. Binti yangu alipokea baada ya muda mrefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo? Unaumwa?"

"Hapana, mama. Nipo salama. Nimelala tu kidogo."

Sauti ilikuwa ya kawaida. Naona haya kusema, lakini nilipumua na kutaka kuamini, na kama jirani yangu asingekuwa amesimama pale ningekata simu na kurudi kwenye ufagio wangu. Yeye alinyoosha mkono wake wenye unga. Nikampa simu.

Alitoka hatua chache uani, akanipa mgongo, akainamisha kichwa na kushusha sauti, vilevile kama nilivyomwona akifanya mara elfu moja kibarazani pake na kila mara nikamchukia kwa ajili hiyo. Nilisikia upande wake tu. "Mwali wangu, ni mimi. Tangu lini? Vinametameta machoni? Na hapa juu ya tumbo, chini ya mbavu? Eeh. Eeh, mama. Usilie. Amka polepole ufungue komeo la mlango, kisha lalia ubavu wa kushoto. Watu wanakuja."

Alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika. "Kichwa siku ya tatu leo. Anaona vimulimuli. Ni kifafa cha mimba kinamnyemelea."

"Mbona mimi kaniambia yuko salama?"

"Wewe si ni mama yake."

Hakulisema kwa kejeli. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya juma.

Yaliyofuata aliyafanya yeye, mimi nikimfuata kama mgeni mjini kwetu. Alirudi kibarazani, akamkuta muuza mitumba bado anakula, akamwambia kwa ukali, "Mama, wapigie wote uliowacheka nao." Yule mwanamke alipoelewa alikitema kitumbua. Alipiga simu nne mfululizo. Wale wale waliokuwa wakizihesabu ndala mlangoni kwa mwanangu, wakichungulia mapazia yake, ndio waliokuwa karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote duniani, na walijua mlango upi na chumba kipi. Kabla sijapata gari la kukodi, simu ya muuza mitumba ililia. Wamemkuta. Wamempakia kwenye bajaji. Wanaelekea hospitali.

Tuliondoka Kilosa, jirani na mimi, viti vya nyuma. Tulipita kijiji cha Ulaya, hii ya kwetu, ambayo wanafunzi wangu walipenda kuitania kwamba wamefika bila pasipoti. Siku hiyo sikukumbuka utani wowote. Nilikuwa nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, nikimwambia Mungu mambo ambayo si ya kuandika. Nilitaka pia kumwomba jirani yangu msamaha. Badala yake nikamwuliza kama anataka maji. Akasema ahsante, akanywa, akanirudishia chupa na kunifunika mkono wangu kwa wake. Unga ulikuwa umemkaukia kuchani.

Kwenye baraza la hospitali tuliwakuta wanawake watano. Walisimama wote tulipofika, shikamoo zikatoka kwa pamoja. Mmoja wao, mdogo kwa umri, alikuwa ameshika mfuko wa plastiki wenye zile ndala za mkwe wangu. Ndiye aliyezianzishia hadithi, nilikuja kuelezwa baadaye. Akapiga magoti kwenye saruji.

"Mama, utusamehe. Sisi tulidhani..."

"Inuka, mwanangu," nikamwambia. "Mngekaa kimya ningekuja kumzika."

Ni mimi niliyesema hivyo. Nilijisikia nikisema, nikashangaa.

Muuguzi akatoka na karatasi. Wanawake walimtoa nyumbani mbiombio, kadi ya kliniki ikabaki, na mwenyewe alikuwa hawezi kujibu vizuri kwa maumivu ya kichwa. Presha ilikuwa juu sana, akasema, na daktari ameamua kumfanyia upasuaji sasa hivi, wasisubiri. Akauliza maswali haraka haraka. Umri nikajibu. Magonjwa nikajibu.

"Hii ni mimba ya ngapi?"

"Ya kwanza," nikasema.

"Ya pili, nesi," akasema jirani yangu, taratibu, kando yangu. "Ya kwanza ilitoka. Ilikuwa na miezi minne, mwaka juzi."

Muuguzi aliandika, akanipa karatasi nitie sahihi kwa niaba ya mume asiyekuwepo, akaingia ndani. Mimi nikamgeukia jirani yangu. Mwaka juzi. Yule mwanamke niliyemwita debe tupu mbele ya wateja wake alikuwa ameibeba siri hiyo miaka miwili, akipita mlangoni kwangu kila asubuhi na ndoo yake, akisema habari za asubuhi, mwalimu, nami namwitikia nzuri. Na wateja wake wa benchini, waliojua mambo ya Kilosa nzima, hilo hawakulijua. Niliona uchungu kwa ajili ya mjukuu niliyempoteza bila habari, na wivu, nakiri, wivu mkubwa kwamba mwanangu alipolia hakuniita mimi. Lakini hata wivu ule ulikuwa na faraja ndani yake. Hakulia peke yake.

Tulikaa. Kusubiri upasuaji ni kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, na nimesahihisha madaftari ya madarasa manne kwa usiku mmoja. Wanawake wale walianza kuzungumza. Mmoja alisimulia alivyojifungulia kwenye shamba la nyanya kando ya barabara, kondakta wa basi akashuka kusaidia akazimia yeye. Mwingine alimsema mama mkwe wake, aliyekaa mlangoni siku ya uchungu akidai ugali. Wakashusha sauti, wakapandisha, wakacheka kwa kujiziba midomo. Siku zangu za nyuma ningeinuka nikasimame kwenye jua kali kuliko kukaa kwenye benchi lile. Nikabaki. Mazungumzo yao yalinishika nisianguke. Kila nilipoanza kuwaza mlango ule wa ndani, mmoja wao alikuwa anaanza kisa kingine.

Sijui ilitokeaje, nami nikaanza kusema. Niliwaambia jinsi nilivyomzaa huyu aliye ndani, uchungu siku mbili, na jinsi nilivyomng'ata mkono mama mkwe wangu hadi akapiga yowe kubwa kuliko langu, na majirani wakajua mtoto amezaliwa. Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo lile. Walicheka mpaka machozi, na jirani yangu akaniambia, "Kumbe ni wewe! Mama mkwe wako alituambia aling'atwa na mbwa."

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile kamusi isiyo na jalada. Nikawaangalia wote, mmoja mmoja. Walikuwa ni wao hasa, wale wanawake wa chumba cha uzazi, safari hii nje ya mlango, na mimi nilikuwa nimetumia maisha yangu ya kazi kuwafundisha watoto wa watu wawadharau. Nilitaka kuwaeleza habari za lile neno la Waingereza, nikaona ni upuuzi. Hawakuhitaji kuambiwa na kamusi.

Muuguzi alitoka jua likiwa limeanza kuteremka. Alikuwa anatabasamu. "Ni msichana. Mdogo, lakini analia kama mkubwa. Mama yake tunamwangalia presha, ila ametoka salama."

Vigelegele vilipigwa. Muuguzi akaweka kidole mdomoni, akavikemea, navyo vikaendelea kwa chini chini. Jirani yangu akanikumbatia, unga wake na jasho langu, na nililia pale mbele za watu, kwa sauti, mwalimu mzima. Kisha nikacheka. Nilikuwa mwepesi, mwepesi kabisa, na njaa ikaniuma ghafla. Mmoja wao alikuwa na viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa. Sijapata kula kitu kitamu kama vile viazi.

Nilimpigia mkwe wangu Zambia nimpe habari. Alipokea akiwa tayari analia kwa furaha. Alikwishajua. Dereva mwenzake aliyepita Mikumi alizisikia kwa mama ntilie, akampigia mwingine aliyekuwa Tunduma, naye akamfikishia ng'ambo ya mpaka. Hata uzito wa mtoto alikuwa nao. Mimi bibi sikuwa nao bado.

Presha ilikataa kushuka siku ya kwanza, ikatutisha, siku ya pili ikaanza kutii. Siku ya tatu daktari alisema sasa hana wasiwasi. Muda wa kuona wagonjwa ulipofika, jirani aliingia kumwogesha mwali wake na kumfunga tumbo, kwani hiyo ni kazi ya somo, na mimi kwa desturi nikabaki nje. Nilikaa kwenye ngazi ya saruji chini ya dirisha la wodi. Dirisha lilikuwa wazi, lina wavu wa mbu tu. Mjukuu wangu alikuwa mapajani mwangu, amefungwa kitenge, amelala na kukunja uso.

Nikamsikia binti yangu. Sauti ilikuwa dhaifu, lakini kila neno lilinifikia.

"Somo, mwambie mama. Ile ya kwanza sikumficha kwa ubaya. Nilikuwa na aibu, nilidhani ataniona sikujitunza. Mwambie siku ile nilimtaka yeye. Nilishika simu nikapiga, akapokea, nikamwuliza mvua inanyesha huko."

Niliikumbuka simu ile. Niliikumbuka vizuri kabisa. Nilimjibu kwamba inanyesha, nikaendelea kumsimulia habari za kuku.

Ningeweza kusimama. Dirisha lilikuwa usawa wa bega langu, ningegeuka tu nimwambie kupitia wavu kwamba nimesikia, mwanangu, nisamehe. Nusura nifanye hivyo. Lakini hakunisemesha mimi. Alichagua njia yake, njia iliyomvusha salama, na mimi nilishaiziba mara moja. Nikabana midomo, nikambeba mtoto vizuri, nikangoja.

Jirani alitoka akifuta mikono kwenye khanga. Akaketi kando yangu kwenye ngazi, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaniinamia sikioni.

"Mwalimu, mwanao kaniagiza kwako."

"Sema, mwenzangu," nikamwambia.

Akanieleza yote, tangu mwanzo, polepole, na mimi nikamsikiliza kama ndiyo kwanza nasikia.